Deni Amerudi

Chilewa alikopa madebe matatu ya uwele
mwaka ambao mvua ilikatika Januari,
akanilipa mtoto wa mbwa ndani ya kikapu,
sikio moja limesimama, jingine halijaamua.
Basi nikamwita Deni.

Mpunguzi nzima ilicheka.
Kila jioni nasimama ukingoni mwa shamba la zabibu
napaza sauti, "Deni! Deni, njoo nyumbani!"
na Chilewa, ng'ambo ya korongo, anafunga mlango.

Kamba ilikuwa ya katani, hatua kumi na mbili,
fundo lile la kufungia ndama.
Nilimwacha aiburute mchangani
ichore nyuma yake njia ya nyoka mvivu,
nami natembea pembeni, mfukoni vichwa vya dagaa,
najifanya sina haja naye.
Akinitazama, dagaa.
Akigeuka kabla sijaita, dagaa wawili.
Mama mkwe aliona, akasonya:
"Samaki wametoka Mwanza, wewe unalisha mbwa!
Mbwa hafunzwi. Mbwa hupigwa."

Nilimsikiliza siku moja tu.
Deni alikuwa amewaingilia mbuzi wa Ndahani,
akawatawanya hadi barabara ya Iringa,
beberu akarudi anachechemea.
Nikaita. Akaja,
mbio, ulimi nje, mkia unapiga mbavu zake mwenyewe,
amekuja kwa sababu nimemwita,
nikamchapa kwa ufito wa mkole.

Siku tisa hakuja tena.
Alisimama mbali, hatua kumi na mbili na moja,
anaisoma mikono yangu.
Usiku nilipiga hesabu: sikumchapa kwa ajili ya mbuzi,
mbuzi alikwisha kuwasahau.
Nilimchapa kwa kurudi.

Kuanza upya ni kukaa chini.
Nilikaa vumbini, nimempa mgongo,
dagaa kiganjani,
upepo wa Agosti unanijaza mchanga machoni,
mpaka pua baridi ikagusa kidole.
Sikusema kitu. Ningesema nini?

Tangu hapo kila Jumapili nilikata kamba,
pima, kisha shibiri,
na kila kipande nikafungia mzabibu uliolegea.
Ukipita shambani kwangu leo
utaona safu ya tatu yote imeshikwa na kamba ya mbwa.
Shingoni kikabaki kifundo, urefu wa kidole gumba.
Nacho nikakikata, kisu kikitetemeka,
yeye akapiga miayo.

Asubuhi moja tukavuka korongo.
Digidigi akachomoka kwenye miiba
na Deni akawa mshale.
Mkono wangu wa kulia ulivuta. Ulivuta nini?
Kamba ilikuwa shambani, imeshika zabibu.
Nilibaki na jina tu,
jina lenyewe nilimpa kwa dhihaka.

"Deni!"

Vumbi lilikwenda mbele, yeye akabaki.
Mguu mmoja juu, anamtazama digidigi,
ananitazama mimi,
kama mtu dukani mwenye noti moja,
kati ya sukari na mafuta ya taa.
Sikuita mara ya pili.
Hilo hakuna aliyenifundisha, nalo ndilo gumu kuliko yote:
kufunga mdomo na kungoja.

Akaja. Hakukimbia, alitembea,
amenuna kama mpangaji wa mwisho wa mwezi,
akaketi juu ya mguu wangu.
Napapasa mfuko: dagaa nimewasahau nyumbani.
Nikamkuna lile sikio ambalo bado halijaamua.

Chilewa alikuwa ng'ambo, ameegemea jembe, ameona yote.
"Deni limerudi?"
"Amerudi," nikamsahihisha.
Akacheka, mara ya kwanza tangu ule uwele.
Kisha akajaribu mwenyewe, taratibu,
kama mtu anayeonja chai ya moto:
"Deni."

Mbwa akanitazama mimi kwanza.